Oswald Avery: Nobel Hakupata, Lakini Maabara Zetu Zinamtumia Kila Siku

Muulize mwanafunzi yeyote wa sayansi hapa chuoni nani aligundua DNA. Atakujibu hapo hapo: Watson na Crick. Jibu hilo tumelibeba tangu sekondari na wengi wetu tutahitimu nalo. Lakini jamani, walichofanya Watson na Crick mwaka 1953 ni kueleza umbo la DNA, ile ngazi iliyojisokota. DNA yenyewe ilijulikana tangu 1869, Friedrich Miescher alipoitenga kutoka kwenye usaha wa bandeji za hospitali kule Ujerumani. Kati ya miaka hiyo miwili kuna swali ambalo tunalipita mbio: nani alionyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi? Kama hilo lisingejulikana, nani angehangaika na umbo lake?

Aliyeonyesha ni Oswald Theodore Avery, daktari mwembamba, mpole, mwenye kipara, aliyefanya kazi New York pamoja na vijana wawili, Colin MacLeod na Maclyn McCarty. Makala yao ilitoka Februari 1944. Avery alikuwa na miaka 66. Miaka 11 baadaye akafariki, Nobel hajapata.

Nimeamua kumwandika muhula huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi tunaosoma mikrobiolojia na baiolojia ya molekuli tunarudia kazi yake kila tukiingia maabara, na jina lake hatulitaji. Ya pili, huu ni msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, na kila kona ya kampasi nasikia mazungumzo yale yale: fulani ana makala ngapi, fulani kanukuliwa mara ngapi, na wapi mtu anaweza kupata data za haraka haraka. Maisha ya huyu mzee yanatugusa kwenye hayo yote.

Mtoto wa mchungaji

Avery alizaliwa Halifax, Kanada, tarehe 21 Oktoba 1877. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Oswald alipokuwa na miaka kama kumi, familia ilihamia New York, baba akapewa kanisa kwenye mtaa wa watu maskini upande wa kusini wa jiji. Oswald na kaka yake Ernest walijifunza kupiga koneti, ndugu yake tarumbeta, na Jumapili walisimama kwenye ngazi za kanisa wakipiga ili kuwavuta wapita njia waingie ibadani.

Mwaka 1892 ulikuwa mgumu. Ernest alifariki, na mwaka huo huo baba naye akafuata. Oswald hakuwa hata na miaka 15 kamili msiba wa kwanza ulipotokea. Alibaki na mama na mdogo wake Roy, ambaye yeye Oswald alimlea kama baba mdogo. Huyo Roy mumkumbuke, atarudi mbele.

Kitu kinachonifurahisha ni kwamba chuoni Colgate, Avery hakuwa mtu wa sayansi. Alisoma masomo ya sanaa, akaongoza bendi, akang'ara kwenye kutoa hotuba. Alimaliza mwaka 1900. Baada ya hapo ndipo akageukia udaktari, akahitimu Columbia mwaka 1904. Kwa hiyo nyie mliokuja sayansi kwa njia za kuzunguka, msijione wageni.

Alitibu wagonjwa kwa miaka michache tu. Kilichomkatisha tamaa ni wagonjwa wa kifua: wanakuja, unawasikiliza mapafu, huna cha kuwapa, wanaondoka. Mwaka 1907 akaacha kutibu, akaingia maabara ya Hoagland, Brooklyn, kufanya utafiti na kufundisha bakteriolojia. Hapo wanafunzi wakampa jina la utani, Fess, yaani profesa kwa mkato. Jina hilo halikumtoka mpaka anakufa. Mwaka 1913 akachukuliwa na hospitali ya Taasisi ya Rockefeller huko huko New York, apambane na nimonia. Alikaa hapo miaka 35.

Bakteria mwenye koti

Wakati ule nimonia ilikuwa muuaji mkubwa, na penisilini ilikuwa bado. Dawa pekee yenye maana ilikuwa seramu: farasi anachomwa bakteria waliouawa, mwili wake unatengeneza kingamwili, kisha maji ya damu yake anapewa mgonjwa. Shida ni kwamba bakteria wa nimonia wako wa aina nyingi, na seramu ya aina moja haimsaidii mwenye aina nyingine. Ndiyo maana Avery na wenzake walitaka kujua kinachozitofautisha hizo aina.

Jibu lilikuwa kwenye koti. Bakteria wa nimonia anayeua amejifunika tabaka laini linaloteleza, na seli za ulinzi za mwili zinashindwa kumshika. Asiye na koti hana madhara. Mwaka 1917 Avery na rafiki yake Alphonse Dochez walionyesha kwamba bakteria hawa wanamwaga kitu fulani kinachoyeyuka, ambacho kinapatikana hata kwenye damu na mkojo wa mgonjwa, na kitu hicho kinatofautiana kwa kila aina. Mwaka 1923 Avery na mkemia Michael Heidelberger wakatangaza kwamba kitu hicho ni sukari, yaani minyororo mirefu ya sukari. Watu walishangaa. Siku hizo iliaminika kwamba ni protini tu zenye ujanja wa kutambulika na kingamwili. Sukari ilionekana kitu cha kijinga, cha nishati tu.

Mnaona? Huyu mzee alishawahi kupingana na imani kwamba kila kazi ya maana mwilini lazima ifanywe na protini. Miaka 20 baadaye alikutana na imani hiyo hiyo tena, safari hii ikiwa kali zaidi.

Kuna mambo mawili mengine ya kipindi hicho ya kuweka akilini. La kwanza: mwaka 1930 Avery na kijana Mfaransa, René Dubos, walipata kwenye udongo bakteria anayetoa kimeng'enya cha kumeng'enya koti la nimonia Aina ya III. La pili: kati ya 1929 na 1931 Avery na Walther Goebel waliunganisha sukari ya koti na protini, wakamchoma sungura, sungura akatengeneza kingamwili dhidi ya sukari ile. Yote mawili yatarudi.

Jaribio la London

Mwaka 1928 Frederick Griffith, daktari wa serikali huko London, alitoa matokeo yaliyowachanganya watu. Alichukua bakteria hai wasio na koti, wasio na madhara, waliotokana na Aina ya II. Akachukua bakteria wenye koti wa Aina ya III, akawaua kwa joto. Kila kundi peke yake, panya hawafi. Akawachanganya, panya wakafa, na ndani ya damu yao akakuta bakteria hai wenye koti la Aina ya III. Yaani walio hai wamechukua kitu kutoka kwa maiti, wakabadilika, na watoto wao wakarithi koti hilo jipya.

Avery hakuamini. Maabara yake ilikuwa imetumia miaka mingi kuonyesha kwamba aina hizi hazibadiliki, na halafu alishaumwa na nyoka kabla: mwaka 1916 yeye na Dochez walitoa nadharia moja kuhusu kinga ambayo haikusimama, ikabidi waiache. Tangu hapo hakutaka kuandika kitu ambacho hajakizungushia ukuta. Lakini Martin Dawson, kijana wa maabara yake mwenyewe, alirudia kazi ya Griffith na ikakubali. Dawson alipohamia Columbia, yeye na Richard Sia waliifanya ndani ya chupa, bila panya, mwaka 1931. Kisha Lionel Alloway, maabara kwa Avery, akawavunja bakteria wenye koti, akachuja, akapata maji yasiyo na seli hata moja, na maji yale yakawabadilisha bakteria wengine. Basi swali likabaki moja tu: ndani ya maji yale, mbadilishaji ni nani?

Lita 75 kwa miligramu 25

Kazi hiyo ilichukua karibu miaka kumi. Katikati Avery aliugua tezi la thairoidi, akafanyiwa upasuaji. MacLeod aliyefika 1934 ndiye aliyeisukuma kazi, ikakwama, ikaanza tena 1940. Mwaka 1941 MacLeod akahamia Chuo Kikuu cha New York, na McCarty akapokea kijiti.

Nataka mnielewe ilikuwaje kazi yenyewe. Walikuza bakteria wa nimonia kwenye mchuzi, lita kwa lita. Kuwakusanya walitumia mashine ya kuzungusha, ya jamii ile ile inayotenganisha krimu na maziwa, na mashine hiyo ilirusha hewani ukungu wa bakteria hai wanaoua. Ikabidi ijengewe sanduku. Halafu bakteria wanapashwa joto mpaka nyuzi 65 ili wafe, na pia ili vimeng'enya vyao vya kuharibu DNA vife. Kisha wanavunjwa kwa chumvi ya nyongo. Protini zinaondolewa kwa kutikiswa na klorofomu, tena na tena. Sukari ya koti inaondolewa kwa kile kimeng'enya cha Dubos kutoka kwenye udongo. Mwisho unamimina alkoholi taratibu huku unakoroga, na nyuzi nyeupe zinajitokeza na kujizungusha kwenye kijiti cha kukorogea kama uzi kwenye kibiringo.

Kutoka lita 75 za mchuzi walipata kati ya miligramu 10 na 25 tu. Lakini hicho kidogo kilikuwa na nguvu: kilibadilisha bakteria hata kikiwa kimechanganywa na maji mara milioni 600 ya uzito wake.

Mtu mwingine angeishia hapo akaandika makala. Avery alianza kujipinga. Kama ni protini, basi vimeng'enya vinavyokula protini vitaua nguvu yake. Wakaweka tripsini na kimotripsini: nguvu ipo. Kama ni RNA, basi kimeng'enya kinachokula RNA kitaiua. Wakaweka: nguvu ipo. Wakaweka vimiminika kutoka kwenye seramu na kwenye utumbo wa mbwa ambavyo vilijulikana kuvunja DNA: nguvu imekwisha. Wakapima uwiano wa naitrojeni na fosforasi, ukatoka karibu na 1.69, ambao ndio uwiano wa DNA. Wakaipima kwa mwanga wa urujuanimno, kwa umeme, kwa mashine za mzunguko mkali, kwa kingamwili za protini na za sukari. Kila kipimo kilielekeza upande mmoja.

Mei 1943 Avery alimwandikia Roy, yule mdogo wake, ambaye sasa alikuwa naye mwanabakteriolojia, mhadhiri kule Nashville. Kwenye barua hiyo ndefu alisema wazi kile ambacho kwenye makala hakuthubutu kukisema hivyo hivyo: kwamba kitu hicho kinafanana na DNA, na kwamba huenda wameishika jeni. Alimweleza pia kwamba ni lazima wahakikishe kwanza kabla ya kutoka hadharani. Makala ilipotoka Februari 1944, ilikuwa ya tahadhari mpaka unachoka. Ilisema ushahidi unaonyesha ni DNA, kisha ikaongeza kwamba inawezekana, ingawa ni kwa mbali, kuna kitu kingine kidogo mno kilichojishikiza humo ndicho kinachofanya kazi.

Walioamini na waliokataa

Huo mlango alioacha wazi kwa uaminifu wake ndio wapinzani walipitia. Jirani yake ndani ya taasisi hiyo hiyo, mwanabiokemia Alfred Mirsky, alizunguka akisema kwamba vimeng'enya havili protini zote, na kwamba protini kidogo iliyobaki ndiyo inayobadilisha. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wakati ule DNA ilidhaniwa kuwa kitu rahisi mno: mkemia Phoebus Levene, wa Rockefeller hapo hapo, alikuwa amefundisha dunia kwamba DNA ni vipande vinne vinavyojirudia tu, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Kitu kinachojirudia namna hiyo kitabebaje habari za kiumbe? Ni kama kuambiwa kitabu kizima kimeandikwa kwa silabi moja.

Mwaka 1946 McCarty na Avery walijibu kwa kimeng'enya kilichosafishwa vizuri cha kuvunja DNA. Mwaka 1949 Rollin Hotchkiss, kutoka maabara hiyo hiyo, alishusha protini iliyobaki mpaka chini ya sehemu ndogo mno ya asilimia, na kazi ikaendelea kufanyika. Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase wakatoa lile jaribio la virusi wa bakteria ambalo tunafundishwa wote. Na hapa kuna kichekesho chungu: kwenye jaribio lao, protini iliyosalia ilikuwa nyingi kuliko ile ya Avery. Lakini dunia ilikuwa imeshaiva, wakakubaliwa. Hershey alipata Nobel mwaka 1969.

Avery alipendekezwa Nobel mara nyingi, tangu miaka ya 1930 kwa kazi ya sukari. Kwa kazi ya DNA kamati iliona ni heri kusubiri uthibitisho zaidi. Ikasubiri. Tarehe 20 Februari 1955 Avery alifariki kwa saratani ya ini huko Nashville, alikokuwa amehamia 1948 kuishi karibu na Roy. Hakuoa, hakuwa na mtoto. Nobel haipewi marehemu, kesi ikafungwa. Tusiseme pia kwamba alidharauliwa kabisa: Royal Society ya Uingereza ilimpa Copley Medal mwaka 1945, na mwaka 1947 akapata Lasker. Waliomwelewa walikuwepo.

Sasa athari yake iko wapi?

Mwenzangu wa chumba, anayesoma biashara, aliniuliza swali zuri niliposema naandika makala hii. Kama mtu hakupata tuzo kubwa, na hata sisi wanafunzi hatumjui, tunasemaje utafiti wake una athari? Nikamwambia asihesabu tuzo, afuate watu walioisoma makala ile na wakabadilisha walichokuwa wanafanya.

Wa kwanza ni Joshua Lederberg. Aliisoma mapema 1945 akiwa mwanafunzi wa miaka 19 Columbia. Ikamwasha. Akajiuliza: kama bakteria wana jeni zinazoweza kuhama, je, wanapandana? Mwaka 1946 yeye na Edward Tatum walionyesha kwamba E. coli wanabadilishana jeni. Mwaka 1952 Lederberg ndiye aliyelitunga neno plasmidi. Nobel aliipata 1958, akiwa na miaka 33.

Wa pili ni Erwin Chargaff, mkemia Mwaustria, naye wa Columbia. Aliposoma makala ya Avery aliacha alichokuwa anafanya akahamia DNA. Alikuta kwamba vipande vinne haviko sawasawa kama Levene alivyodhani: kiasi cha A kinalingana na T, na G na C. Bila hesabu hiyo, Watson na Crick wasingejua jinsi ya kufunga ngazi yao.

Halafu fuata njia mpaka kwenye uhandisi jeni wenyewe. Mwaka 1970 Morton Mandel na Akiko Higa waligundua kwamba kloridi ya kalsiamu inawafanya E. coli wameze DNA. Mwaka 1972 Stanley Cohen na wenzake Stanford walitumia njia hiyo kuwaingizia plasmidi. Mwaka 1973 Cohen na Herbert Boyer wakakata na kuunganisha DNA, wakairudisha ndani ya bakteria. Mwaka 1978 bakteria walitengenezeshwa insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Kabla ya hapo mgonjwa wa kisukari alitegemea insulini ya nguruwe na ng'ombe. Kila hatua kati ya hizo inaanza na tendo moja: mpe bakteria DNA ya nje, naye ataitii na kuwarithisha watoto wake. Tendo hilo ndilo Avery, MacLeod na McCarty walilolifafanua.

Sisi wenyewe tunalifanya kwenye praktiko. E. coli kwenye barafu, plasmidi tone moja, nyuzi 42 kwa muda mfupi, kurudi kwenye barafu, kisha kwenye kisahani chenye ampisilini. Kesho yake asubuhi unakuta madoa meupe ya bakteria waliopata jeni ya kuhimili dawa. Nilipoyaona mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata bumu. Kitendo hicho tunakiita transfomesheni, na jina limetoka moja kwa moja kwenye bakteria wale wa nimonia.

Sasa turudi kwa yule sungura wa Avery na Goebel. Mtoto mchanga hawezi kutengeneza kingamwili nzuri dhidi ya sukari ya koti peke yake. Ukiiunganisha na protini, anaweza. Kwenye wazo hilo ndipo zilipojengwa chanjo za leo za watoto dhidi ya bakteria wa nimonia. Kenya ilianza kuitoa 2011, na Tanzania ikaizindua mwishoni mwa 2012. Kama una mdogo wako au mwanao aliyezaliwa baada ya hapo, tazama kadi yake ya kliniki: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, PCV. Daktari aliyewaacha wagonjwa wa kifua mwaka 1907 kwa kukosa cha kuwapa, hatimaye aliacha kitu.

Kisahani cha pili

Kuna wanaosema Avery alijiponza. Angekuwa na kelele kidogo, angezunguka kwenye mikutano, angeandika wazi kwamba ameishika jeni, dunia ingemsikia na tuzo ingekuja. Inawezekana. Alikuwa mtu wa ndani, hakupenda safari. Hata ile Copley Medal aliletewa New York. Mimi sisemi kila mtafiti anyamaze kama yeye. Matokeo yako yatetee, na ukialikwa kuyaeleza, nenda.

Ninachosema ni kwamba makala ile ingeweza kuuawa kirahisi. Ilikuwa na mpinzani mwenye jina kubwa kwenye jengo hilo hilo, ilipingana na fikra ya wakemia wa dunia nzima, na ilitoka katikati ya vita. Haikufa kwa sababu kila aliyejaribu kuirudia alipata walichopata wao. Swali la kila mpinzani lilikuwa na kipimo chake tayari ndani ya makala, na pale ambapo kipimo hakikutosha, mwandishi mwenyewe alikuwa ameshasema hakitoshi. Hotchkiss alijua pa kuanzia kwa sababu pengo lilikuwa limeandikwa.

Linganisha na hali yetu. Sote tunajua mtu anaposema kupika data anamaanisha nini. Tunajua mradi ambao kontroli imeachwa kwa sababu vitendanishi ni haba, au kwa sababu mwezi umebaki mmoja, kisha sura ya nne ikaandikwa kana kwamba kontroli ilikuwepo. Sitaki kuhubiri, najua hofu ya sapu na ya kudisko, na najua maabara zetu zina foleni ya mashine moja kwa watu arobaini. Lakini kisahani bila DNA, kile unachokitarajia kibaki kitupu, hakihitaji mashine. Kinahitaji chakula cha bakteria kidogo na usiku mmoja. Bila kisahani hicho, madoa yako meupe yanaweza kuwa bakteria yeyote aliyedondoka kutoka hewani au ampisilini iliyoharibika, na mwenzako wa mwaka ujao atakayejenga juu ya kazi yako atajenga juu ya hewa.

Kwa hiyo naomba vitu viwili kwa wenzangu wa mwaka wa mwisho, na kwa walimu wetu wakitusoma. Ripoti ya mradi iwe na ukurasa wa kontroli zote, zilizokubali na zilizokataa, na ukurasa huo upewe alama. Na kwenye hitimisho, mwanafunzi anayeandika wazi kwamba jambo fulani hakuweza kulithibitisha asikatwe alama kwa kuliandika. Avery aliandika sentensi ya namna hiyo mwaka 1944, ikamgharimu tuzo pengine, lakini makala yake hadi leo hakuna aliyeibomoa.